Mapengo saba, skrubu tatu: kisa cha mwalimu wa Wete

Mgonjwa alifika na hesabu tayari. Meno yaliyotoka ni sita, basi zitiwe skrubu sita ndani ya mfupa wa taya, zile tunazoziita vipandikizi, kila moja ishike jino la bandia, yapatikane meno sita. Hesabu hiyo ilifanywa Muscat, Oman, na mwanawe, ambaye ndiye angelipa, na ilikuja ndani ya simu pamoja na picha za matangazo ya watu wanaocheka. Mama mwenyewe ana miaka 61, mwalimu mstaafu wa skuli ya msingi, mkaazi wa Wete, Pemba. Jina lake na mambo machache nimeyaondoa asitambulike, naye ameniridhia nikieleze kisa chake.

Nakieleza kwa sababu hesabu ya aina ile naletewa mara nyingi, na kasoro yake ni ile ile: inaanzia kwenye idadi ya mapengo. Tulipomaliza, kinywani mwake mlikuwa na skrubu tatu, na mapengo matatu tuliyaacha wazi kwa makusudi. Anatafuna vizuri. Mwanawe ilimchukua muda kuamini kwamba hakudhulumiwa.

Sisi madaktari wa meno huhesabu kuanzia katikati kwenda nyuma: la kwanza na la pili ni ya mbele, la tatu chonge, la nne na la tano magego madogo, la sita na la saba magego makubwa. La nane, gego la mwisho, tuliweke kando, halimo katika mpango huu. Chini kulia mwalimu alikosa la tano, la sita na la saba, yaliyong'olewa moja moja kwa miaka mingi. Chini kushoto alikosa la sita peke yake. Juu kushoto alikosa la nne na la tano, na hapo ndipo palipomfanya aweke kiganja mdomoni kila anapocheka. Hayo ndiyo sita aliyoyahesabu. Juu kulia pia hakuwa na la saba, lakini hilo hakuwahi kulikumbuka, kwa sababu halionekani na lilipong'olewa maumivu yaliisha, na yeye akaendelea na shughuli zake. Kwa hiyo mapengo yalikuwa saba, na hilo lililosahauliwa ndilo lililokuja kuamua jambo kubwa katika mpango.

Meno hayo hayakutoka kwa ajali. Mengine yalioza, mengine yalilegea kwa ugonjwa wa fizi, na kadhaa yangeweza kuzibwa au kutibiwa mzizi kama angewahi. Lakini watu wetu wengi huenda kwa daktari wa meno baada ya usiku wa tatu wa kutolala, na mtu wa usiku wa tatu huomba jambo moja tu: ling'olewe.

Alikuwa nayo meno ya bandia ya chini, ya plastiki, ya kuvaa na kuvua. Yalikaa kabatini ndani ya kikombe. Nilipomwuliza kwa nini hayavai alisema, “Yanatafuna ufizi wangu badala ya chakula.” Hakutia chumvi. Upande ambao hauna jino la nyuma, plastiki haina pa kushika. Kila akitafuna inazama kwenye nyama laini, inasugua, inaleta kidonda, na mfupa ulio chini yake unazidi kupungua. Siyadharau meno ya kuvua, yamewasaidia wengi na bei yake watu wanaimudu, lakini taya la chini lisilo na magego ya nyuma ndipo yanapoonyesha udhaifu wake wote.

Kabla ya picha yoyote nina swali ninalouliza: unataka kula nini ambacho sasa huwezi?

“Pweza,” alisema bila kufikiri. “Na nyama isiyochemshwa mpaka ikasahau kama ilikuwa nyama. Na nataka kucheka kwenye harusi ya binti yangu wa mwisho bila kuziba mdomo.”

Hakutaja idadi ya meno. Idadi ilikuwa ya mwanawe.

Hakuna kilichoanza siku hiyo, kwa sababu ya sukari. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari katika damu kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, kilisoma asilimia 9.1. Kipimo hiki nakipenda kwa kuwa hakidanganyiki: mtu anaweza kufunga mdomo siku mbili kabla ya kuja kupimwa sukari ya asubuhi, lakini miezi mitatu haifichiki. Sukari ikiwa juu kidonda hupona polepole, vijidudu hupata nafasi, na mfupa hauishiki skrubu ipasavyo. Chini ya 7 mimi huendelea bila wasiwasi, kati ya 7 na 8 huendelea kwa hadhari, na zaidi ya hapo nasubiri. Mwalimu alirudishwa kwa daktari wake wa kisukari, dawa zikapangwa upya, na chai ya maziwa yenye vijiko vinne vya sukari ikajadiliwa kwa urefu kuliko kitu chengine chochote.

Kulikuwa na tambuu pia. Jioni baada ya chakula alikuwa akila, yenye popoo, chokaa na kipande cha tumbaku. Tambuu, iwe na tumbaku au isiwe nayo, pamoja na popoo yenyewe, vimewekwa na taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kwa hiyo nilikagua ndani ya mashavu na kingo za ulimi kabla ya kuangalia jino hata moja. Palikuwa salama. Tumbaku, hata bila saratani, hupunguza damu inayofika kwenye fizi, na wavutaji wa sigara hupoteza vipandikizi zaidi kuliko wasiovuta. Nilimwambia waziwazi kwamba nikitia skrubu kwenye kinywa kinachokula tambuu kila siku nitakuwa nachukua fedha za mwanawe bila haki. Akacheka, akaweka kiganja mdomoni.

Miezi ile haikupita bure. Fizi zilisafishwa, ukoga mgumu ulioshikamana na mizizi ukaondolewa, na meno yaliyobaki yakafundishiwa brashi upya. Gego la sita la juu kushoto lilikuwa na zibo kubwa la zamani lililopasuka. Nililitoa na kuweka zibo la muda, lile la unga wa zinki unaochanganywa na mafuta. Mwalimu akanusa. “Hii si karafuu?”

Ni karafuu. Mafuta yale ni yujenoli, kiini kikuu cha mafuta ya karafuu, na madaktari wa meno wameyatumia kwa zaidi ya karne moja kutuliza jino. Mtu aliyekulia Pemba, kisiwa ambacho makonyo yake ya karafuu hukamuliwa mafuta kiwandani Wawi, hakuwa amewahi kuambiwa hilo. Nikamwongezea onyo ambalo wengi hawalijui: mafuta yenyewe yakidondoshewa kwenye ufizi yanaunguza, na jino lililotulizwa kwa karafuu halijapona.

Sukari ilifika 7.2 mfungo sita. Alitaka kwanza karafuu zake chache zichumwe na kuanikwa, kwa hiyo tukapanga upasuaji mfungo saba. Kabla yake ndipo tukapiga picha.

Picha ya kawaida ya eksirei inaonyesha urefu wa mfupa lakini haionyeshi unene wake, na unene ndio unaosumbua. Mfupa unaoshika jino upo kwa ajili ya jino. Likishatoka, mwili unauona hauna kazi. Katika mwaka wa kwanza tu baada ya kung'oa, ukingo wa taya unaweza kupoteza karibu nusu ya upana wake, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Mwalimu alikuwa na mapengo ya miaka kumi na zaidi. Tulitumia skana ya pande tatu, ambayo inaukata mfupa kwenye kioo cha kompyuta vipande vipande, na humo ndimo mpango ulimotoka. Sasa niende pengo kwa pengo, kwani hapa ndipo penye mzozo.

Chini kulia ndiko kulikokuwa na kazi. Ndani ya taya la chini hupita mfereji wenye neva inayoupa mdomo wa chini na kidevu hisia. Ukiigusa kwa keekee, mtu anaweza kubaki na ganzi ya mdomo kwa miezi au maisha yake yote. Kanuni ni kuacha angalau milimita 2 juu yake. Kwenye nafasi ya jino la tano tulikuwa na milimita 13 za mfupa, kwenye la sita 11, kwenye la saba 9. Skrubu ya urefu wa milimita 10 ikaingia kwa la tano na ya milimita 8 kwa la sita, kila moja ikiacha milimita 3 za salama.

Na la saba? Skrubu fupi za milimita 6 zipo, na mtu angeweza kuitia. Lakini jiulize ingekutana na nini. Juu yake, jino la saba la juu kulia halipo, lile lile ambalo mama hakulihesabu. Tungetia jino la chini ambalo lingepiga hewa, kisha tungelazimika kutia la juu ili la chini lipate kazi: skrubu mbili, upasuaji mara mbili, karibu kabisa na neva chini, kwa ajili ya meno mawili ambayo mama mwenyewe hakuyaomba, maana pweza hatafunwi huko. Hapo ndipo nilipokata shauri, na mpaka leo sioni hoja ya kulibadilisha.

Hili si wazo langu. Mwaka 1981 Arnd Käyser wa Nijmegen, Uholanzi, aliandika juu ya tao fupi la meno, yaani mtu asiye na magego ya nyuma kabisa lakini anaishi na kula vizuri. Watu wakasema hayo ni mambo ya Ulaya, wao wanakula vyakula laini. Ndipo ukaja utafiti uliofanyika Tanzania, kwa watu wanaokula mahindi na nyama ngumu, ukachapishwa mwaka 2003, na ukaonyesha kwamba mwenye magego madogo kamili na angalau jozi moja ya magego makubwa hutafuna kwa kiwango cha kutosha. Ninapowaeleza wagonjwa huu utafiti wa nyumbani, hunisikiliza kuliko ninapotaja Uholanzi.

Chini kushoto, pengo la jino la sita lilikuwa limejifunga lenyewe. Gego la saba nyuma yake lilikuwa limeegemea mbele, nafasi iliyobaki ilikuwa milimita 6, wakati gego la sita la kawaida lina upana wa karibu milimita 11. Skrubu ya unene wa milimita 4 inahitaji milimita moja na nusu kila upande ili isiyaue meno jirani, jumla 7. Haiingii, na hata ingeingia, jino ambalo lingekaa juu yake lingekuwa kama punje. Njia ya kitabuni ni kulisimamisha gego la saba kwa waya za kunyooshea meno kwa miezi kadhaa, kisha kupandikiza. Nilimweleza kwa uaminifu wote.

“Mwanangu,” alisema, “niende msibani na waya mdomoni, umri huu?”

Tukaliacha. Upande ule alikuwa akiutafunia kwa miaka yote na haukuwa na shida ila chakula kunasa chini ya gego lililoinama, jambo la kijibrashi cha katikati ya meno.

Juu kushoto palikuwa na mchezo mwengine. Meno mawili yalitoka, lakini gego la sita lilisogea mbele taratibu kwa miaka, na nafasi iliyobaki ilikuwa milimita 8 na nusu. Mapengo mawili yamegeuka nafasi ya jino moja, tena jino dogo lenye upana kidogo kuliko kawaida. Skrubu mbili hapo hazitoshi, kwani kati ya skrubu na skrubu panatakiwa milimita 3 za mfupa, la sivyo mfupa wa katikati hufa na ufizi hushuka. Basi skrubu moja, jino moja. Tatizo lilikuwa unene: ukingo ulikuwa milimita 4 na nusu, na hata skrubu nyembamba ya milimita 3 na nusu ingeacha nusu milimita kila upande. Palihitaji kuongezwa mfupa.

Hapa ndipo kisa cha Pemba kinapoachana na vitabu vya Ulaya. Chembe za mfupa zinazouzwa kwa kazi hii mara nyingi hutokana na ng'ombe, na kile kitambaa chembamba cha kolajeni kinachofunika chembe ili ufizi usizivamie mara nyingi hutokana na nguruwe. Maelezo haya yamo kwenye karatasi ya ndani ya kisanduku, kwa herufi ndogo. Kwangu mimi kumtilia mgonjwa Muislamu kitu hicho bila kumwambia ni khiyana, hata kama kuna wanazuoni wanaoruhusu kwa dharura au kwa kuwa kitu kimebadilika asili. Uamuzi ni wake, si wa daktari wala wa muuza vifaa. Mwalimu alisikiliza, akauliza, “Na huyo ng'ombe alichinjwa vipi?” Sikuwa na jibu la kumridhisha. Akachagua chembe za kutengenezwa kiwandani, za kalisi na fosfati, na kitambaa kisicho cha mnyama. Chembe za aina hiyo baadhi hunyonywa na mwili mapema kuliko za ng'ombe, kwa hiyo tulizichanganya na vipande vya mfupa wake mwenyewe vilivyotoka wakati wa kutoboa. Pengo lilikuwa dogo na kuta zake nzima, la sivyo ningekuwa na wasiwasi zaidi.

Skrubu tatu, basi. Nilipompigia mwanawe kwa simu ya picha, mama akiwa pembeni, alikuwa na adabu lakini uso ulikunjamana. “Daktari, mimi natoa fedha ya sita. Mbona mnamtilia mama tatu?” Nikamwonyesha picha, nikamwonyesha jino la saba la juu ambalo halipo. Akanyamaza kidogo. “Mama, hilo lilitoka lini?” Mama hakukumbuka.

Alipendekeza pia amlete Muscat, wamalize wiki moja. Suala la mahali ni kubwa kuliko watu wanavyolichukulia. Kazi hii si safari moja: kuna kutia, kuna kusubiri mfupa, kuna kuchukua vipimo, kuna kufunga meno, kisha kuna ukaguzi wa maisha yote. Wako wanaofanyiwa nje wakarudi na kazi nzuri sana. Wako pia wanaorudi na skrubu ambayo hakuna anayejua ni ya kampuni gani, na kila kampuni ina bisibisi yake na vipimo vyake. Jino likilegea, mtu anazunguka Unguja na Dar es Salaam akitafuta kifaa cha kufungulia. Boti ya kutoka Mkoani kuja Unguja ina adha yake, hasa kusi likivuma, lakini ni boti, si viza.

Upasuaji wenyewe ulikuwa mfupi na sina mengi ya kuusimulia. Dawa ya kuzuia vijidudu saa moja kabla, ganzi ya kawaida ya sindano, kutoboa polepole huku maji ya chumvi yaliyopozwa yakimwagika muda wote, kwani joto la nyuzi 47 kwa dakika moja linatosha kuuharibu mfupa usishike tena. Skrubu mbili za chini zilivishwa vifuniko vidogo vilivyochomoza juu ya ufizi. Ya juu, kwa kuwa ilikuwa na mfupa mpya pembeni, ilizikwa kabisa chini ya ufizi na kushonwa.

Aliniuliza akiwa bado na ganzi, kwa maneno yaliyopinda, vipi chuma kikashika mfupa bila gundi. Ni swali zuri. Mwaka 1952 mtafiti wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa akichunguza mzunguko wa damu katika mifupa ya sungura kwa kutumia vifaa vya titani, chuma kile kile cha skrubu hizi. Alipotaka kuvitoa, vilikuwa vimegandamana na mfupa. Titani hujivika utando mwembamba wa oksaidi ambao mwili hauuchukii, na seli za mfupa hujenga juu yake. Mgonjwa wake wa kwanza alitiwa vipandikizi mjini Göteborg mwaka 1965 na aliishi navyo mpaka alipofariki mwaka 2006. Ndiyo maana tunasubiri: skrubu siku ya kwanza imeshikwa kwa kubanwa tu. Kushikana kwenyewe huja kwa miezi, na taya la chini, lenye mfupa mgumu, huwahi kuliko la juu.

Wiki kadhaa baadaye ilikuja simu, si kutoka Wete bali kutoka Muscat. Skrubu ya mama imeng'oka, alikuwa anakula wali, imetoka, anayo kwenye karatasi. Nikaomba picha. Ilikuwa kile kifuniko kidogo cha nafasi ya jino la tano. Skrubu yenyewe ilikuwa mahali pake. Vifuniko hivi hulegea, hasa ulimi ukizoea kuvichezea. Ufizi hujifunga juu ya skrubu kwa siku chache tu, na hospitali ya jirani yake hawakuwa na bisibisi ya kukirudishia. Nikamwambia asipande boti. Mfupa hauhitaji kifuniko ili ushike, na ufizi uliofunga tungeufungua siku ya kuchukua vipimo kwa mkato mdogo. Mama aliridhika upesi. Mwanawe ilibidi aelezwe mara mbili.

Shaabani, miezi minne tangu upasuaji, tukapima skrubu za chini, zimeshika imara, tukachukua vipimo. Meno ya la tano na la sita niliyaunganisha. Wenzangu wengine wangeyaacha mbalimbali, na hoja yao ya usafi ina uzito, lakini ile ya nyuma ni fupi na mwanamke huyu anataka pweza. Yote yalifungwa kwa skrubu kupitia juu ya jino, tundu likazibwa, badala ya kugandishwa kwa saruji. Saruji inayobaki chini ya ufizi huleta uvimbe unaokula mfupa, na jino la kufungwa kwa skrubu linaweza kufunguliwa, likasafishwa na kurudishwa bila kuvunjwa. Kwa mtu anayeishi ng'ambo ya bahari na daktari wake, hilo kwangu halina mjadala.

Kazi yoyote yenye damu tuliiweka nje ya Ramadhani. Alifuturu na meno mawili mapya. Jino la juu lilisubiri mpaka mfungo mosi, miezi sita tangu lile la mfupa kuongezwa, na siku lilipofungwa alijitazama kiooni kwa muda kisha akauliza kama linaweza kupunguzwa weupe. Lilikuwa sawasawa na majirani zake. Alikuwa ameuzoea weusi wa pengo.

Aliondoka na kadi. Imeandikwa jina la kampuni ya vipandikizi, urefu na unene wa kila skrubu, nambari ya toleo, tarehe, aina ya bisibisi na nguvu ya kukazia. Nilimwomba aipige picha aitume Muscat, na nakala aiache kwa daktari wa meno wa Pemba aliye karibu naye. Mtu yeyote anayetiwa kipandikizi popote aidai kadi hii kabla ya kulipa salio. Nimeona watu wanaoweka risiti ya friji kwa miaka kumi na hawana karatasi moja ya kitu kilicho ndani ya taya lao.

Pweza alimla. Alinitumia picha ya sahani tupu.

Katika ukaguzi wa karibuni mfupa kuzunguka skrubu zote tatu ulikuwa pale pale. Ufizi ulitoka damu kidogo sehemu moja, kati ya meno mawili yaliyounganishwa, kwa sababu kijibrashi alichokuwa nacho kilikuwa kikubwa na hakikupita chini. Tukambadilishia saizi. Kipandikizi hakiozi, lakini ufizi wake unaugua kama ufizi mwengine, na mwenye historia ya ugonjwa wa fizi na kisukari yuko hatarini zaidi. Sukari ilikuwa 7.4. Tambuu aliikiri ya harusini tu, mara moja, bila tumbaku, na harusi yenyewe ilikuwa ya bintiye, kwa hiyo sikumsema sana.

Ninaloliangalia sasa ni lile gego la saba la chini kushoto, lililoinama. Nyuma yake ufizi umeachana na jino kwa milimita 5, na mama bado hutafunia huko zaidi kwa mazoea ya miaka. Tunalisafisha kila akija. Likishindwa na kutoka, upande ule hautakuwa na gego kubwa hata moja la chini la kutafunia, nafasi itakuwa pana ya kutosha, na mazungumzo ya skrubu ya nne na mwanawe yataanza upya, safari hii mimi nikiwa upande wake.